Anayelipwa kwenda kumuona diwani tumjue: maswali yenu mwezi huu

Toleo lililopita msomaji mmoja wa Mwanzange aliuliza mbona miji mingine duniani ina daftari la watu wanaolobi kwenye halmashauri, yani wanaolipwa kwenda kuwasemesha madiwani na maafisa, na sie hapa Tanga hatuna. Nilimjibu kwa mistari minne tu, nafasi ilikuwa ndogo. Meseji zikaanza kumiminika na hadi leo zinaingia. Mwezi huu basi ukurasa wote ni wa jambo hilo. Majina ya walioandika nimeyaacha kama walivyoomba, na pale mtu alipotaja kampuni au mtu fulani nimetoa, hapa tunajibu maswali, hatuhukumu mtu.

Shikamoo mwalimu. Mie nauza spea za baiskeli huku Ngamiani. Kuna kaka mmoja kila wiki namuona, ana faili la kaki kwapani, anakaa kibarazani kwa jirani yangu anapiga simu "mheshimiwa nishafika, nipo hapa chini." Tumekuja kusikia anafuatilia kile kiwanja cha wazi wanapochezea watoto kibadilishwe matumizi kiwe cha biashara. Sio chake, kuna mtu kamtuma na anamlipa. Si mwanasheria, si mpimaji, si mfanyakazi wa serikali. Hiyo kazi yake ni halali kweli? Na kama ni halali mbona sie tunaokaa pale hatujui katumwa na nani?
*Muuza spea, Ngamiani Kati*

Marahaba mwanangu. Nikuanzie na la mwisho maana ndo lenye uzito.

Kwenda kumsemea mtu mwingine mbele ya diwani au afisa si kosa. Katiba yetu ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki mambo ya umma, na mtu asiyejua njia za ofisini anaruhusiwa kumtuma anayezijua. Kwa hiyo huyo kaka na faili lake, kama hatoi wala hapokei kitu cha kupinda mambo, hajavunja sheria yoyote. Hapa Tanzania hatuna sheria inayomtaka mlobi ajiandikishe, si bungeni, si kwenye halmashauri.

Ila we angalia mambo yanavyokwenda kwenye halmashauri yoyote ya mji. Jambo haliibukii kwenye baraza la madiwani. Linaanza kwa wataalamu, linaenda kwenye kamati, na la ardhi linaenda kwenye kamati ya mipango miji na mazingira, af ndo linafika baraza kamili ambalo kwa kawaida linakaa kila robo mwaka. Mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza baraza, lakini pale mara nyingi watu wanakuja na msimamo tayari. Mwenye faili anajua hilo, kwa hiyo kazi yake anaimaliza wiki tatu kabla, kwa mjumbe mmoja mmoja, kwa simu, kwa chai. Wewe unakuja kusikia siku mabati yanazungushwa kiwanjani. Nyote wawili mna haki ileile ya kusema, tofauti ni kwamba yeye anajua lini na kwa nani, na zaidi ya hapo wewe hujui kama kuna mtu anasema. Daftari la walobi linatibu hilo. Halimzuii kuongea, linakufanya ujue kwamba anaongea, anamwongelea nani, na jambo lenyewe ni lipi.

Hebu nikueleze Toronto kule Kanada maana wao walifika hapo baada ya kuumia. Mwaka 1999 baraza la jiji lao lilipitisha mkataba wa kukodi kompyuta kwa dola za Kanada milioni 43. Zikaja kuonekana hela zilizotoka ni karibu mara mbili ya hizo. Jiji likaomba uchunguzi wa jaji, Jaji Denise Bellamy, na ripoti yake ilipotoka 2005 ilionyesha jinsi watu wa mauzo na walobi walivyokuwa wakizunguka kwenye korido za jiji, mara chakula, mara tiketi za mechi, na hakuna sehemu yoyote iliyoandikwa nani kaongea na nani. Kuanzia Februari 2008 jiji likawa na daftari na msajili wake anayejitegemea. Ukimlobi diwani au afisa wa Toronto kwa malipo unatakiwa uwe umeandikwa: jina lako, mteja wako, jambo unalotaka, na umewasiliana na nani. Zawadi ni marufuku. Malipo ya "ukifanikisha nakukatia" nayo ni marufuku, na hilo mie nalipenda kuliko yote, maana mtu anayelipwa akishinda tu atafanya lolote ashinde. Na daftari lenyewe lipo wazi kwenye intaneti, yeyote anaingia anatafuta jina anaona.

Sasa la kiwanja chako. Ireland wana sheria ya kulobi ya 2015 inayogusa mpaka madiwani wa halmashauri. Kwa mambo mengi wanawaacha wafanyabiashara wadogo wenye wafanyakazi kumi kushuka chini, hawawasumbui. Lakini kwenye ardhi, yani kubadilisha ukanda au kuendeleza kiwanja, waliondoa msamaha huo. Hata ukiwa peke yako, ukienda kumsemesha diwani juu ya matumizi ya ardhi, isipokuwa ni nyumba yako ya kuishi, unaingia kwenye daftari. Waliona kabisa kwamba hela kubwa ya halmashauri inakaa kwenye ardhi, na maamuzi ya ardhi ndo yanayompendelea mtu mmoja na kumuumiza jirani. Kwa mji kama wetu ambao bandari imepanuliwa, bomba la mafuta linaishia Chongoleani, na kila mwenye hela anatafuta kipande, mie nasema kama tutaanzisha daftari na tukaambiwa tuchague jambo moja tu la kuanzia, basi iwe ardhi.

Kwa leo usikae unasubiri daftari. Mabadiliko ya matumizi ya ardhi yana Sheria ya Mipango Miji ya 2007, hayaishii kwenye meza ya mtu mmoja. Kaeni wakazi wa hapo, muandike barua moja kwa mkurugenzi, nakala kwa diwani wenu na mwenyekiti wa mtaa, muulize swali moja tu: je kuna maombi yoyote ya kubadilisha matumizi ya kiwanja hicho, na kama yapo ameyaleta nani. Muandike mnaomba kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Hiyo inampa mwenye taarifa siku 30 zisizozidi kujibu. Mpeleke kwa mkono, mgongewe mhuri wa "imepokelewa" kwenye nakala yenu na tarehe. Bila huo mhuri mtaambiwa barua haikufika na siku 30 hazitaanza kuhesabika popote.

Mwalimu za kazi. Kikundi chetu cha akina mama tuko kumi, tunakaanga samaki na mihogo. Amekuja mtu anasema anafahamiana na madiwani, tukimpa laki moja na nusu "ya kufuatilia" atatulobia tupate mkopo wa asilimia kumi. Wenzangu wanataka kuchanga. Huyu si ndo mlobi? Tumlipe?
*Katibu wa kikundi, Makorora*

Msimpe hata mia.

Mama, huyo hata tungekuwa na daftari la walobi lenye kurasa elfu asingeandikwa humo. Ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri ipo kisheria: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, mkopo wenyewe hauna riba na kuomba ni bure. Mlango wenu ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Yeye ndo anawaelekeza kusajili kikundi, kufungua akaunti, kuandika mradi na kujaza maombi. Diwani hana mfuko wa kuchomoa mkopo amkabidhi anayemtaka.

Mtu akikuambia "nipe hela nina mtu wangu ndani" Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 ina kosa lake kabisa, la kuuza ushawishi, na kosa linamgusa hata kama huyo mtu wake wa ndani hajui lolote na hata kama mkopo hautoki. Tena linaweza kumgusa na anayetoa, kwa hiyo mkichanga mnajiingiza na nyie. Pigeni TAKUKURU 113, ni bure. Mkiwa na meseji zake za kuomba hela msizifute. Na muwaambie wenzenu wa vikundi vingine vya hapo mtaani, maana mtu wa namna hiyo hapiti nyumba moja tu.

Salaam. Mimi ni mzee nimestaafu mkonge, naishi Pongwe. Karibu kila mwezi namfuata diwani wetu kumkumbusha taa za barabarani na mtaro. Daftari hilo likija na mimi nitaambiwa nijiandikishe nilipie?
*Mzee wa Pongwe*

Hapana mzee wangu, shikamoo. Miji yote ninayoijua yenye daftari inamwacha mwananchi anayesemea shida yake mwenyewe. Wewe hulipwi, unaomba taa ya njia unayopita. Endelea kumfuata, na mtaro usiuache.

Ila umenigusa penye hofu yangu mwenyewe. Sheria nzuri hapa kwetu inaweza kugeuka kibali kingine cha kukata, mwananchi anafika getini anaulizwa "una namba ya mlobi?" Daftari likiandikwa lazima neno la kwanza kabisa liseme mkazi, kikundi cha wakazi, na mfanyabiashara anayejisemea mwenyewe hawahusiki. Na lisiwe na ada kwa mtu mdogo. Siku likianza kuhesabiwa kama chanzo cha mapato ya ndani limeshaharibika.

Dada habari. Niko kwenye asasi ndogo ya mazingira, tuna ofisi Chumbageni, wafanyakazi watatu wa mshahara. Tunakwenda kwa madiwani kuwaomba wapitishe sheria ndogo ya mifuko ya takataka na kulinda mikoko. Mbona mnatuweka kapu moja na wapiga dili? Sisi hatutafuti faida.
*Afisa miradi*

Najua hili litawauma wengi nyie wa asasi lakini jibu langu ni ndiyo, nanyi muandikwe. Si kwa sababu ni wabaya. Ni kwa sababu mnalipwa, na kazi mnayolipwa mojawapo ni kubadilisha maamuzi ya halmashauri. Diwani anayesikia hoja yenu ana haki ya kujua mfadhili wenu ni nani, na mvuvi wa Mnyanjani anayekata nguzo mikokoni ana haki ya kujua kwamba kuna watu wanaongea juu ya mikoko yake. Ireland asasi yenye hata mfanyakazi mmoja wa kulipwa, akienda kulobi kwa niaba yake, inaandikwa, sawasawa na kampuni kubwa. Chama cha wafanyabiashara nacho hivohivo.

Af fikirini upande wa pili. Mkiachwa nyie nje, kesho yake kila mwekezaji anasajili kaasasi kake anapitishia maneno humo.

Ninachokubaliana nanyi ni kwamba kuandikwa kusiwe rungu. Daftari linatakiwa lipokee jina na kulitangaza, basi. Lisimpe mtu yeyote ofisini mamlaka ya kukataa kukuandika kwa sababu hapendi unachosema. Afisa akishapewa uwezo wa kuchagua nani aandikwe, hilo si daftari tena, ni leseni ya kuongea, na mie nitakuwa wa kwanza kulipinga. Na pia lisiombe mambo yasiyohitajika, namba ya NIDA ya nini, anakoishi mtu kwa nini. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ifuatwe. Jina, aliyekutuma, jambo, uliyemuona, tarehe. Yatosha.

Mambo mwalimu. Kuna jamaa kijiweni anasema Marekani mtu alipigwa faini dola elfu tisini kwa kumtumia meya email. Sie tukambishia, email tu? Kuna kundi zima linasubiri jibu lako.
*Dereva bodaboda, Mabawa*

Mwambieni jamaa yuko sahihi. Ilikuwa Chicago. David Plouffe, yule aliyeendesha kampeni ya Obama ya 2008, alikuwa kiongozi kwenye kampuni ya Uber. Novemba 2015 alimwandikia meya wa wakati huo Rahm Emanuel kuhusu masharti ya magari yao kuchukua abiria airport. Sheria ya Chicago inasema ukitaka kumshawishi kiongozi wa jiji kwa niaba ya kampuni yako unajiandikisha kwenye bodi ya maadili ya jiji, na yeye hakuwa amejiandikisha. Februari 2017 bodi ikamtoza dola 90,000. Kilichofanya zifike huko ni kwamba sheria yao ilikuwa inahesabu dola elfu moja kwa kila siku aliyokaa bila kujiandikisha. Uber nayo ikatozwa, lakini ndogo tu, dola 2,000.

Nyie mnafanya kazi ya usafiri, kwa hiyo lishikeni hilo. Masharti ya wapi mtapaki, wapi mtapakia, barabara gani mkatazwe, hayo yanaamuliwa na mamlaka za serikali, na makampuni ya kuita usafiri kwa simu yana watu wa kulipwa wa kwenda kuyaongelea. Nyie mnaongelewa na nani? Kuna mwenyekiti wenu wa kijiwe, basi. Angalau mngekuwa mnajua siku ambayo wenzenu wameingia ofisini mngeomba na nyie msikilizwe wiki hiyohiyo.

Na alikamatwaje? Hakuna askari aliyemvizia. Email za meya ziliombwa na watu wa habari na uwajibikaji, baada ya mvutano mrefu zikatolewa hadharani Desemba 2016, watu wakasoma, wakalinganisha na orodha ya walobi, jina halimo. Bodi ikaanzia hapo. Kwa hiyo daftari peke yake ni karatasi. Linafanya kazi pale ambapo mwananchi anaweza kupata na ile taarifa ya upande wa pili, ya kiongozi, akaziweka pamoja.

Mheshimiwa mwandishi, mimi ni diwani katika mojawapo ya halmashauri za mkoa huu. Kampuni yenye ombi mbele ya kamati yangu imenialika twende "kujifunza" mradi wao mkoa mwingine, nauli, hoteli na posho juu yao. Wenzangu wawili wamekubali. Ninaona uzito. Ushauri tafadhali.
*Diwani*

Nakushukuru kuandika, najua haikuwa rahisi.

Usiende kwa hela zao. Kama kuna la kujifunza basi halmashauri ndo ipeleke kamati, kwa bajeti ya halmashauri, na mtaalamu awe nanyi, na ripoti irudi kwenye kamati. Wewe uko chini ya Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995, ileile inayokutaka upeleke tamko la mali na madeni kila mwaka kabla Desemba haijaisha, na zawadi ni sehemu ya mambo inayoyagusa. Mwandikie mkurugenzi barua leo useme umealikwa na nani, lini, na kwamba umekataa, uombe iwekwe kwenye jalada. Barua hiyo inakulinda wewe kwanza. Siku jambo lao likifika kwenye kamati, kama una maslahi yoyote humo, hata ya ndugu, sheria ya serikali za mitaa inakutaka utangaze na usishiriki kujadili wala kupiga kura.

Mie naona kitu kimoja ambacho watu wa daftari hawakisemi sana, kwamba kuandika kukimwelemea mlobi peke yake haifiki mbali. Diwani naye awe na shajara iliyo wazi. Akikutana na mtu anayesemea ombi lililo mbele ya kamati yake, aandike tarehe, jina na jambo, mistari miwili inatosha. Mlobi akidanganya, shajara ya diwani itasema. Diwani akisahau, daftari la mlobi litamkumbusha. Kina nyie mnaoona uzito mna haja nayo zaidi, maana wale wawili waliokubali safari wakija kusemwa, huku mtaani watasema "madiwani wote wamekula", na wewe utakuwemo.

Kuhusu zabuni usinielewe vibaya: hizo madiwani hamkai kwenye bodi ya zabuni, na sasa maombi yanapita kwenye NeST, ule mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao. Akija mtu kukulobi zabuni iliyo wazi mwambie aingie kwenye mfumo kama wenzake. Toronto zabuni ikishatangazwa huruhusiwi kabisa kuwasemesha madiwani juu yake, unaongea na afisa mmoja tu aliyetajwa kwenye tangazo. Hiyo nayo tungeiiga kesho asubuhi.

Lobi na rushwa si kitu kilekile tu jamani?
*Binti wa Duga*

Hapana. Ukimpa diwani hoja, ramani, takwimu, saini za watu mia, hiyo ni lobi. Ukimpa bahasha ni rushwa, na bahasha haitakuwa halali hata ukiiandika kwenye daftari.

Mwalimu tumekusoma, tumeelewa, sasa tunaanzia wapi? Sie ni vijana tuko kama ishirini, tunataka Tanga iwe na daftari. Tusubiri Bunge?
*Vijana wa Usagara*

Hapana, Bunge lina ratiba yake, na sheria ya taifa ya kulobi ikija siku moja itakuwa heri. Lakini halmashauri ya jiji ina uwezo wa kutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982. Njia yake iko hivi: rasimu inaandaliwa na ofisi ya mwanasheria wa halmashauri, inatangazwa wakazi watoe maoni na mapingamizi, inapita kamati, baraza la madiwani linaipitisha, inapelekwa kwa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa aidhinishe, halafu inachapishwa kwenye Gazeti la Serikali ndo inaanza kuuma. Inachukua muda. Nyie anzeni na diwani wa kata yenu, muombeni alipeleke kama hoja binafsi, na mwende na rasimu ya ukurasa mmoja mkononi, maana mtu akija na maneno matupu anaambiwa "tutalifanyia kazi" na mazungumzo yanaishia hapo.

Kwenye huo ukurasa mmoja muandike nani anahusika (anayelipwa kumsemesha diwani, meya au afisa wa juu juu ya uamuzi wa halmashauri), nani hahusiki (kina mzee wa Pongwe), anaandika nini, ndani ya siku ngapi, na daftari linakaa wapi. Hapo kwenye kukaa wapi kuweni wakali. Ireland wanaweka kwenye intaneti na kila anayelobi anapeleka taarifa mara tatu kwa mwaka. Huku weka kwenye tovuti ya halmashauri sawa, lakini mama wa Mgandini anayeuza nyanya hana muda wa tovuti, kwa hiyo karatasi ibandikwe pia kila mwezi kwenye mbao za matangazo za ofisi za kata. Na anayelitunza asiwe chini ya mtu anayelobiwa. Toronto msajili anajitegemea, Chicago ni bodi. Sie hatuna hela ya ofisi mpya, na wala sitaki iwepo, ila nakala ya kila mwezi inaweza kupelekwa TAKUKURU na Sekretarieti ya Maadili ili hata kama kuna ukurasa utachanwa huku, upo kule.

Faini msiweke kubwa ya kutisha, weka inayohesabika kwa siku kama walivyofanya Chicago, mtu achelewe siku moja alipe kidogo, akae miezi asijiandikishe ajute. Viwango vya adhabu za sheria ndogo vina kikomo kisheria, mwanasheria wa halmashauri atawaambia ni kiasi gani.

Na wakati mnasubiri, kuna jambo halihitaji sheria. Ulizeni kwa mkurugenzi ratiba ya vikao vya baraza, mkae mle ndani ishirini nyie, na daftari lenu la shule, mkiandika jambo gani limepita, nani kalitetea, nani kalipinga. Baada ya vikao viwili vitatu ombeni mihtasari kwa ile sheria ya 2016. Mkishapata nileteeni nakala hapa ofisini, nitazisoma zote, na zenye la kuulizwa nitaliuliza kwenye ukurasa huu.